Maharage Yenye Jicho la Kahawia

Jumapili, 11 Julai 1993

Leo nimefanya jambo kubwa. Au kosa kubwa.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada, mnada nje ya kanisa kama kawaida: mikungu ya ndizi, mayai, majogoo, maziwa kwenye vibuyu. Mimi nilibeba mfuko wa vitunguu. Heshima ya kutosha kwa mwalimu wa shule ya msingi. Mara akatokea Godbless, jirani yangu mwenye duka hapa Sakina, anaburuza beberu mwenye ndevu nzuri kuliko za mchungaji. Vigelegele! Godbless akavitazama vitunguu vyangu. Akatabasamu tu, mshenzi yule.

Nikasikia mdomo wangu unatangaza kwamba Mwalimu Elihuruma anatoa gunia zima la maharage. Kabla sijalirudisha neno, vigelegele mara mbili ya vile vya beberu. Wazee wa kanisa wakanipa mikono. Vijana wakatumwa nyumbani kwangu na mkokoteni hapo hapo.

Maharage si yangu. Ni ya mke wangu, Sia. Wala si ya kula, ni ya mbegu. Ameyalima kule Nduruma kwa mkataba wa kampuni ya mbegu, tangu Machi, kwa mgongo wake mwenyewe. Magunia kumi, chumba cha nyuma, yanangoja mkaguzi. Juzi Ijumaa amekwenda Machame kumlea dada yake aliyejifungua. Ameondoka na mtoto wetu Princess mgongoni, akaniachia ufunguo na neno moja tu: nisiyaguse magunia.

Ni mkataba wa kwanza wenye jina lake. Ukiharibika msimu mmoja, kampuni haikupi mbegu tena, na wanaoingoja nafasi hiyo wamejaa kutoka hapa mpaka Usa River. Anarudi tarehe 24. Yamebaki magunia tisa.

Nimeyahesabu mara nne. Bado tisa.

Jumatatu, 12 Julai

Nina akili jamani! Maharage ni maharage. Meupe kwa meupe. Nitanunua gunia jingine, nirudishe kumi, yaishe.

Baada ya vipindi mbio mpaka soko la Kilombero. Nimepata meupe kabisa. Redio yangu imebaki sokoni kama malipo, gunia nimeondoka nalo. Mvuta mkokoteni akachoka njiani, akasema hawezi tena kupanda kile kilima. Nikaomba kwa mafundi magari wa barabarani gunia lilale gereji kwao. Wakakubali vizuri tu. Siku hizi kila kitu ruksa, hata maharage kulala na magia boksi.

Sasa natamani kusikia taarifa ya habari. Sina redio. Si kitu. Amani ya nyumba kwanza.

Jumanne, 13 Julai

Gunia limefika. Nimelifungua, nikalitazama karibu na dirisha. Moyo ukashuka mpaka kwenye viatu.

Maharage ya Sia ni membamba, marefu, meupe yote. Haya ya sokoni ni meupe ndiyo, lakini mafupi kidogo, na kila punje ina jicho la kahawia pale kwenye kitovu. Kila punje! Gunia zima linanitazama.

Nikakaa juu ya ndoo kufikiri. Mimi si mtu wa hivi hivi, mimi ni mwalimu wa sayansi. Wiki hii hii nafundisha darasa la sita michanganyiko. Michanganyiko iko ya aina mbili. Kuna ile ambayo vipande vyake unaviona kwa macho, kama mahindi na maharage kwenye makande. Na kuna ile ambayo kitu kimoja kimepotea ndani ya kingine, kama chumvi kwenye maji, huoni kitu. Gunia moja la macho ya kahawia kati ya magunia kumi litaonekana tu. Lakini ukiligawa kidogo kidogo kwenye magunia yote, ukakoroga vizuri? Litapotea kama chumvi!

Nimefunga mlango, nimevua shati, nimekoroga magunia kumi kwa mkono mpaka kwapa zimewaka moto. Kazi safi. Kila gunia limepata fungu lake sawasawa.

Nimemwandikia Sia barua, nimempa kondakta wa basi la Moshi. Nimemwambia magunia hayajambo, yanamsalimu.

Jumatano, 14 Julai

Nimekwisha.

Bwana Eliasi, mkaguzi wa kampuni, amepita na pikipiki kumuulizia Sia. Nikamwambia yuko Machame. Akasema haina shida, yeye anakuja kukagua Jumatatu tarehe 26, asubuhi. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, hivi ukaguzi wenyewe unakwendaje. Akanieleza kwa furaha, mtu anaipenda kazi yake. Anatia mkono ndani kabisa ya kila gunia, anachota konzi moja, anaimwaga kwenye sinia jeusi. Akikuta punje ngeni zaidi ya mbili kwenye konzi moja, mzigo wote unakataliwa. Si gunia lile. Mzigo wote! Na mkulima anafutwa.

Alipoondoka nikachota konzi moja. Ngeni kumi na nne. Nikachota nyingine. Kumi na saba. Nikachota ya gunia la mwisho, labda mkono ulichoka sikukoroga vizuri. Kumi na tano. Ole wangu, nilikoroga vizuri mno!

Ningeliacha gunia lile peke yake lingekuwa gunia moja bovu. Sasa ninayo kumi.

Chai haipiti kooni. Siku kumi na mbili mpaka mkaguzi. Siku kumi mpaka Sia. Sijui nimwogope nani kwanza.

Alhamisi, 15 Julai

Nimejituliza. Kinachochanganyika hutenganishwa. Ndivyo ninavyowaambia watoto.

Leo darasani nimefanya jaribio la chumvi na mchanga. Nikatia maji, nikakoroga, chumvi ikayeyuka. Nikachuja kwa kitambaa, mchanga ukabaki juu. Maji nikayaweka motoni yakavukizwa, chumvi ikabaki chini ya sufuria, nyeupe pee. Watoto wakapiga makofi, wakagombania kuilamba. Nikajisikia mtu tena. Halafu msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole, akauliza kama mtu amechanganya maharage na maharage atafanyaje. Nikamwambia akae chini, hilo halimo kwenye muhtasari.

Wanafunzi siku hizi wanatumwa na nani?

Jioni: chekeche. Mafupi yatapita, marefu yatabaki. Nina kipande cha wavu wa kuanikia kahawa, cha marehemu baba. Nikakitandika kwenye fremu ya dirisha, nikaanza kutikisa. Kweli mengine yakapita! Nikatikisa saa nzima kwa shangwe. Kisha nikayatazama yaliyopita. Nusu ni ya jicho, nusu ni madogo ya Sia. Nikatazama yaliyobaki juu. Hivyo hivyo. Kumbe maharage nayo ni kama watu, wafupi wako kila ukoo.

Nikarudisha yote. Angalau mchanga umetoka. Sikumbuki kama mchanga ulikuwamo.

Jumamosi, 17 Julai

Kupepeta. Nimefikiri: ya sokoni ni makavu zaidi, kwa hiyo mepesi zaidi, kwa hiyo upepo utayasogeza mbele. Hesabu imekaa sawa.

Upepo ulikuwapo, wa baridi ya Meru, unakata masikio. Nikasimama uani na ungo. Sijawahi kushika ungo tangu nizaliwe. Nikarusha juu. Makapi yakaja usoni, maharage yakaenda chini, kuku wakaja kutoka nyumba zote. Mke wa Godbless akachungulia ukutani, akamwita Godbless. Godbless akachungulia. Akaniuliza kwa upole mkubwa kama Mama Princess amenihama. Nikamwambia ni mazoezi ya viungo, daktari ameniagiza. Akasema pole sana, na huo ungo dawa au sindano? Wakacheka mpaka nikasikia mlango wao unafungwa.

Halafu akaja Koko Silantoi, bibi wa nyumba ya tatu. Nikamwamkia. Akaitikia huku macho yakiwa kwenye ungo wangu. Bibi huyu alichambua mbegu kwenye maghala ya kampuni miaka kumi na moja, kabla magoti hayajamkataa. Akainama, akaokota punje moja, akaigeuza kwenye mwanga. Jicho kwa jicho. Akaniuliza hii imetoka wapi. Nikasema sijui, labda imeletwa na ndege.

Hakubisha. Akasema tu kwamba upepo haujui rangi. Mbegu kwa mbegu hutenganishwa na kidole na jicho, basi. Akasema ana wenzake saba waliokuwa wakichambua naye, akiwaita watakuja na nyungo zao, siku mbili wamemaliza chumba kizima. Nimwambie tu lini.

Nikamshukuru nikakataa. Wanawake wanane! Hiyo si kuchambua, hiyo ni kumtangazia Sia mpaka Machame. Na mimi mtu wa sayansi nikae kuokota punje moja moja? Haiwezekani.

Akaondoka akitikisa kichwa. Kuku nao wakaondoka, wameshiba.

Jumapili, 18 Julai

Kanisani mchungaji amelitaja gunia langu kwenye matangazo. Nilitamani sakafu inimeze. Godbless alikohoa.

Lakini leo nimepata ushindi! Nilipokuwa nayatazama maharage yangu kwa huzuni, nikaona vumbi jeusi linang'aa. Vumbi la chuma! La gereji, bila shaka, lile gunia lililala chini ya mashine ya kusagia vyuma. Nikang'oa sumaku kwenye spika mbovu, nikaifunga kamba, nikaipitisha ndani ya magunia yote kumi, polepole, kama mtu anayevua samaki. Vumbi lote limenasa! Na msumari mmoja. Na kofia ya tairi ya baiskeli. Limetoka lote, halijabaki hata chembe.

Nilicheka peke yangu. Sayansi haidanganyi. Nikakaa, nikanywa chai, chai ikapita.

Baadaye nikakumbuka kwamba Bwana Eliasi hakagui chuma.

Jumatatu, 19 Julai

Nimepata jibu, na safari hii ni jibu kweli. Maji! Kitu chepesi huelea, kizito huzama. Mafuta na maji, nani asiyejua? Mafuta yanakaa juu, unayaengua, kazi imekwisha. Maharage ya sokoni yameliwa na wadudu kidogo ndani, yana hewa, yataelea. Nitayaengua kwa upawa kama utando wa maziwa.

Nimejaza pipa. Nimeanza na gunia moja, kwa tahadhari. Mimi si mpumbavu.

Yalielea saba. Saba! Mengine yote yakazama pamoja, ndugu na mgeni, yakalala chini kwa amani. Nikakoroga. Yakazunguka, yakazama tena. Nikatia chumvi, maana kwenye maji ya chumvi vitu huelea zaidi. Chumvi yote ya nyumbani. Yakaelea kumi na mbili.

Nikakaa nikifikiri nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo iliyoniua. Nilipochungulia tena, maharage yamevimba, ngozi zimejikunja kama vidole vya dobi.

Yametoka majini. Sasa yanatakiwa kukauka. Julai, Arusha! Jua sijaliona tangu Jumatano. Mlima wenyewe sijauona wiki nzima, nimejua upo kwa kuambiwa.

Jumatano, 21 Julai

Nimeyaanika juu ya bati. Yakalowa ukungu. Nimeyaanika juu ya kitanda. Kitanda kimelowa. Nimeweka jiko la mkaa chumbani, nikakohoa mpaka machozi, maharage yakatoa jasho. Nimejaribu hata pasi ya mkaa juu ya shuka. Shuka la harusi yetu limeungua, alama kubwa, katikati kabisa.

Leo asubuhi nimetazama chini ya shuka. Yameota. Vimizizi vyeupe, virefu, vyenye afya. Sia hujisifia mbegu zake kwamba zinaota haraka, na kweli zinaota haraka.

Gunia hilo limekwisha. Na nilipoona yameota nimegundua jambo la kuliza: yenye jicho nayo yameota, kwa kasi ile ile. Sina hata cha kulaumu.

Yamebaki tisa yaliyochafuka. Siku tatu. Nimeanza kuongea peke yangu barabarani. Leo nimemwamkia mwanafunzi wangu shikamoo.

Alhamisi, 22 Julai

Koko Silantoi alisema kidole na jicho. Sawa. Vidole themanini vya wale wanane vya nini? Mimi ninavyo mia saba ishirini!

Darasa la sita, wanafunzi sabini na wawili, vidole kumi kila mmoja. Kipindi cha vitendo: kutenganisha mchanganyiko kwa kuchambua. Nimewalipa vijana wa mkokoteni kwa soksi zangu mpya, magunia matatu yakafika darasani kabla ya kengele. Yakienda vizuri, kesho matatu, Jumamosi asubuhi matatu. Sia akifika mchana nimekaa kizingitini nasoma Biblia.

Na yakaenda vizuri! Mungu wangu, yalikwenda vizuri. Meupe kulia, yenye jicho kushoto. Darasa kimya, nasikia tu tik, tik, tik. Yule msichana wa dawati la mbele alikuwa na kasi ya ajabu. Kwa saa moja na nusu magunia mawili yalikuwa safi na la tatu limefika nusu. Nilitembea kati ya madawati mikono nyuma, karibu nilie. Nikachota konzi upande wa kulia. Sifuri. Nikachota nyingine. Sifuri!

Ndipo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Aikaeli, akaniita ofisini. Mratibu wa elimu amekuja bila taarifa, anataka kuona maandalio ya masomo. Sina maandalio. Nilisimama pale nikijitetea kwa robo saa, nikisema maandalio yangu ni ya vitendo. Mratibu akafurahi. Akasema hicho ndicho anachokitafuta, twende darasani tukaone.

Mwalimu Aikaeli alikuwa ametangulia mbio. Mtu anayependa usafi kuliko uhai. Amekuta darasa limejaa maharage, mgeni yuko njiani. Akaamuru yote yarudishwe kwenye magunia, dakika moja, na sakafu ifagiliwe.

Tulipoingia, watoto sabini na wawili wamesimama wima, sakafu inang'aa. Magunia matatu yamefungwa vizuri pembeni. Nikauliza kwa sauti iliyokuwa inanikimbia, ya kulia na ya kushoto yametiwa wapi. Wakajibu kwa pamoja, kwa adabu: yote humo, mwalimu.

Mratibu akasifu usafi.

Ijumaa, 23 Julai

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Si uongo. Sijalala tangu jana.

Magunia yamerudi nyumbani kwa mkokoteni, nimejaribu kuchambua mwenyewe. Toka alfajiri mpaka saa nane nimemaliza nusu debe, na macho yanaona jicho la kahawia kila mahali, hata kwenye ukuta. Mwanzoni nilipoteza muda nikitupa mazuri na kuweka mabaya. Nusu debe! Kwa mwendo huu nitamaliza Krismasi.

Nilifika mpaka mlangoni kwa Koko Silantoi. Nikasikia sauti za wanawake ndani. Nikarudi. Nikaenda tena. Nikarudi tena. Mara ya tatu akatoka mwenyewe, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema natafuta kuku.

Kesho Sia. Nimewaza uongo wa aina nyingi. Wezi waliingia. Lakini wezi gani wanaingia na kuongeza?

Jumamosi, 24 Julai

Sia amefika saa sita. Nilikuwa nimefagia, nimepika, nimenyoa. Nimempokea mtoto, nimempokea mzigo, nimeuliza habari za Machame mpaka za ng'ombe. Anajibu, ananitazama.

Kisha akasema amekutana na mzee wa kanisa pale stendi. Mzee amemshika mikono yote miwili, amemshukuru kwa gunia.

Nikaenda kumpakulia chakula.

Akauliza ufunguo. Nikampa. Akaingia chumba cha nyuma, akatia mkono kwenye gunia la kwanza bila hata kuwasha taa. Nilimwona anasugua punje kwa vidole. Mtu huyu anazijua mbegu zake gizani! Akaenda la pili, la tatu, yote tisa. Akatafuta la kumi. Nikamwonyesha uani, pale nilipoyatupa na sasa yanakua.

Nikamwambia yote. Yalitoka yenyewe, mnada, beberu, Kilombero, kukoroga, chekeche, ungo, sumaku. Kwenye sumaku niliongeza sauti kidogo maana kwenye sumaku nilifanikiwa. Nilitaka anigombeze. Nilimwomba anigombeze. Sia akigomba nyumba inapoa baada ya saa moja.

Hakugomba. Alikaa juu ya gunia, Princess mapajani, akatazama mikono yake. Ina sugu za jembe mpaka kwenye vidole vidogo. Akaniuliza jambo moja tu: kwa nini sikumwambia yamebaki tisa.

Nimeona aibu, nasema kweli, aibu ya kutaka kujificha chini ya kitanda.

Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Koko Silantoi.

Jumapili, 25 Julai

Wanawake wanane, na Sia wa tisa. Toka jana mchana. Wameketi uani kwenye mikeka, nyungo mapajani, migongo kwenye mwanga. Leo Sia hakwenda kanisani. Tangu nimwoe hajawahi kukosa ibada, hata mimba ikiwa ya miezi tisa.

Nilidhani kuchambua ni kuokota. Kumbe hapana. Koko Silantoi anamwaga konzi mbili kwenye ungo, anautikisa mara moja, maharage yanatandaa safu moja, hakuna punje juu ya punje. Kisha vidole viwili vinapita kama kuku anayedonoa. Hatazami hata. Anasimulia habari za mkwewe, anacheka, anakunywa chai, na yenye jicho yanaruka kwenye debe, tak, tak, tak.

Nikaomba ungo nami nisaidie. Nikapewa. Baada ya saa moja Koko akauchukua ungo wangu, akauangalia, akaurudisha kwa mwenzake auchambue upya. Akaniambia kwa heshima zote kwamba mwalimu aende akawapikie watu. Nimepika loshoro, makande ya maziwa ya mgando. Imeungua chini. Wameila wakinisifia maziwa.

Godbless alichungulia ukutani. Koko Silantoi akamuuliza kama naye ameandikiwa mazoezi na daktari. Kichwa kikashuka. Nikampenda bibi huyu ghafla.

Saa kumi na moja wamemaliza. Magunia manane safi na madebe kadhaa ya jicho. Manane! Nimekaa nimeshika kichwa. Mkataba unasema kumi.

Jumatatu, 26 Julai

Bwana Eliasi saa tatu kamili. Sinia jeusi. Nilisimama mlangoni. Sia alisimama wima, kanga mpya.

Gunia la kwanza, sifuri. La pili, sifuri. La tatu, sifuri. La nne, moja! Nikashika ukuta. Eliasi akaitazama punje ile, akaiweka pembeni, akaendelea. Sifuri mpaka la nane. Akafunga daftari akasema hajaona mbegu safi namna hii mwaka huu wote.

Sia akamwambia, kabla hajaulizwa, kwamba yamepungua mawili. Eliasi akacheka. Akasema upungufu wala hauwasumbui, mvua inapunguza, wadudu wanapunguza, wanaandika tu kilichopo. Kinachowasumbua ni mchanganyiko.

Kwa hiyo tisa yangepita! Tisa, tangu Jumapili ile, yangepita bila neno! Sasa kwa nini mtu huyu hakusema mapema? Nilimuuliza kuhusu ukaguzi, akaniambia habari za sinia. Watumishi wa siku hizi hawatoi maelezo kamili. Nimekasirika kweli. Sia alinitazama mara moja, akatazama pembeni.

Jumanne, 27 Julai

Lori limekuja, magunia yamekwenda. Mkataba wa msimu ujao umesainiwa, jina la Sia kwa herufi kubwa, na safari hii na wale wanawake wanane chini yake kama wachambuzi. Nimefurahi sana. Ukifikiri vizuri, yote yametokana na mimi. Bila mchanganyiko kusingekuwa na uchambuzi, bila uchambuzi Eliasi asingeusifu mzigo. Nitawaambia darasa la sita.

Jambo moja tu linanisumbua. Kabla ya kusaini, Eliasi alimuuliza Sia ile punje moja ya jicho ilitoka wapi, na atahakikishaje haitokei tena. Sia akasema chanzo cha mchanganyiko ameshakijua. Akasema kuanzia sasa mbegu zitakaa nyumbani kwa Koko Silantoi, ufunguo shingoni mwa Sia mwenyewe, na kile kilichokuwa kinachafua hakitazigusa tena. Eliasi akauliza ni nini hicho. Sia aligeuka tu, akatazama upande wangu. Koko Silantoi naye akatazama upande wangu. Eliasi akaandika.

Nimefikiri mchana kutwa. Nilikuwa nimesimama wapi? Nimeegemea ukuta wa jiko. Nikarudi pale pale, nikainama, nikakagua. Chini kabisa, nyuma ya miguu yangu, kuna tundu.

Panya! Ndio wanaobeba punje za watu wakizileta huku. Mimi siwezi kuwa, kosa langu niliungama Jumamosi likaisha. Maskini Sia, ameona haya kutaja panya mbele ya mgeni. Angeniambia mimi. Mtu na mumewe wafichane nini?

Nitamshangaza. Nimeshapata sumu, ya unga, nyeupe, haina hata harufu. Kesho Sia akienda Nduruma nitaichanganya na unga wa mahindi, sawasawa kabisa, panya asitofautishe. Chombo nimeshakiona: lile kopo la unga wa uji wa Princess, maana ndilo pekee lenye mfuniko. Nitaiweka mle mle, juu ya unga uliopo, nikoroge vizuri.